Fundi Mitambo na Masikio ya Watu



Mama mmoja wa jumuiya yetu alinipigia simu kuhusu mwanawe. Kijana amemaliza shahada ya elektroniki, amefaulu vizuri, na palikuwa na kampuni ya simu iliyo tayari kumwajiri. Yeye amekwenda kuendesha mitambo ya sauti ya bendi za rock. Analala ndani ya basi, anarudi nyumbani baada ya wiki sita na begi la nguo chafu, anapumzika siku mbili, anaondoka tena. "Kaka, wewe ni injinia," mama akaniambia. "Mwambie mwanao kwamba kufungulia spika si kazi ya mtu aliyesoma."

Nilizungumza na kijana. Hakubishana, ila alinijibu kwa adabu: "Mjomba, hata mimi huku kazini wananiita injinia." Ni kweli. Waingereza humwita hivyo, jina lile lile wanaloniita mimi, na wanalomwita pia yule anayekuja kutengeneza mashine ya kufulia. Simu ilipokwisha nilibaki na swali kubwa kuliko lile la mama yake, nalo ndilo ninalolileta mbele yenu: ni kitu gani hasa kinachompa mtu haki ya kuitwa mhandisi, na je, huyu anayesimama gizani nyuma ya mikisa, katikati ya maelfu ya watu wanaoruka, anacho?

Kiswahili chetu kina maneno mawili na hakiyachanganyi. Mhandisi ni mtu wa karatasi na sahihi. Tanzania huwezi kujiita hivyo mpaka usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na Kenya wana sheria yao ya mwaka 2011. Fundi ni mtu wa mkono: fundi cherehani, fundi saa, fundi mwashi. Tena "fundi" ni neno la heshima, kwani mtu huitwa fundi na wengine, hajipi mwenyewe. Kila aliyewahi kucheza dansi nyumbani anamjua fundi mitambo. Ndiye yule jamaa wa pembeni, ambaye mwimbaji humgeukia katikati ya wimbo na kumwashiria kwa kidole aongeze maiki. Akiongeza, hakuna anayemshukuru. Maiki ikipiga mluzi, ukumbi mzima hugeuka kumtazama.

Mimi kwa maoni yangu hesabu hazimfanyi mtu mhandisi. Mhasibu naye anapiga hesabu. Kinachomfanya mhandisi ni kwamba watu wasiomjua, na wasioweza kuikagua kazi yake, wanaiweka miili yao juu ya kazi hiyo. Anayepanda lifti hasomi hesabu za waya. Anayevuka daraja haulizi nondo ni za unene gani. Wanaamini tu, na mtu fulani mahali fulani ameubeba uaminifu huo. Kwa kipimo hicho, basi, tumwangalie kijana wetu.

Kazi yenyewe si ya zamani. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga katika uwanja wa Shea Stadium mjini New York, mbele ya watu wapatao 55,600. Amplifaya walizokuwa nazo jukwaani zilikuwa za wati 100 kila moja, na sauti zao zilipitishwa katika vipaza sauti vya uwanja, vile vya kutangazia mchezo wa besiboli. Mashabiki walipiga mayowe tangu mwanzo hadi mwisho. Wanamuziki wenyewe hawakujisikia, na watu wale elfu hamsini na tano waliolipa hawakusikia muziki waliokuja kuusikiliza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti 1966, bendi ile ilipiga onyesho lake la mwisho la kulipia, mjini San Francisco. Sababu zao zilikuwa nyingi, lakini kupiga muziki usiosikika ilikuwa mojawapo.

Pengo hilo ndilo lililozaa kazi hii. Watu kama Bill Hanley wa Marekani walianza kujenga mitambo mahususi kwa ajili ya muziki, wakaisafirisha kwa malori kutoka mji hadi mji. Hanley ndiye aliyebeba sauti ya tamasha la Woodstock mwezi Agosti 1969. Aliweka spika juu ya minara ya vyuma pembezoni mwa mteremko, na umati uliozidi watu laki nne ukasikia. Fikirieni hilo kidogo. Watu laki nne, na sauti yote wanayoisikia imepita chini ya vidole vya mtu mmoja na wasaidizi wake.

Nieleze kidogo namna inavyofanya kazi, maana ndani ya ufundi wenyewe ndimo swali letu lilimojificha. Bendi ya rock leo huwa na maiki na nyaya kiasi cha thelathini hadi sitini: dramu peke yake inaweza kula kumi. Zote huingia kwenye mikisa mbili. Ya kwanza iko katikati ya watazamaji, na aliyesimama nyuma yake anatengeneza kile umati unachosikia. Ya pili iko pembeni mwa jukwaa, na mwenye hiyo anawatengenezea wanamuziki kile wanachojisikia wao wenyewe, kila mmoja kwa matakwa yake. Mpiga besi anataka dramu, mwimbaji anataka sauti yake tu, mpiga gita anajitaka yeye na hamtaki mwingine. Huyu wa pili ana kazi ngumu zaidi na sifa ndogo zaidi. Vijana wengi huanzia hapo baada ya kuhitimu kazi ya kupakua malori na kukunja nyaya, na wapo wanaosema kwamba namna mtu anavyokunja waya inatosha kujua kama atafaa.

Kisha kuna ule mluzi. Maiki husikia sauti ya mwimbaji, spika huikuza, maiki huisikia tena kutoka kwenye spika, ikakuzwa tena, na tena. Iwapo kila mzunguko unaongeza nguvu badala ya kupunguza, katika muda mfupi sana chumba kizima kinapiga kelele moja. Fizikia yake inajulikana kwa jina la Mdenmaki Søren Larsen. Fundi anaipinga kwa kuelekeza spika mbali na maiki, kwa kupunguza mawimbi fulani tu yale ambayo ukumbi ule unayapenda mno, na zaidi kwa kujua lini aseme hapana pale mwimbaji anapoashiria "ongeza". Sauti nayo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kwenye uwanja mkubwa anayesimama mita 100 kutoka jukwaani humwona mpiga dramu akipiga, na mlio unamfikia karibu theluthi ya sekunde baadaye. Spika za minara ya nyuma hucheleweshwa kwa makusudi, kwa hesabu, ili sauti yake na ile inayotoka jukwaani zifike pamoja. Mama wa kijana aliposema "kufungulia spika", haya hakuyajua, na simlaumu. Kazi ikifanywa vizuri haionekani.

Tarehe 13 Julai 1985, Wembley, London, katika tamasha la Live Aid, Paul McCartney aliketi kwenye piano usiku akaanza kuimba, na maiki yake ilikuwa kimya. Kwa karibu dakika mbili dunia nzima ilitazama midomo ikicheza bila sauti. Hapo ndipo watu mamilioni walipogundua kwamba kuna mtu anayeitwa fundi wa sauti. Saa chache kabla, siku hiyo hiyo na kwa mitambo hiyo hiyo, Queen walikuwa wamepiga dakika ishirini ambazo hadi leo zinatajwa kuwa kati ya maonyesho bora kabisa ya rock, na mwimbaji wao, kama mnavyojua na kama Wazanzibari hawachoki kukumbusha, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Fundi aliyesababisha waliosikia wasikie, nani alimkumbuka?

Ila kuna habari ndani ya habari hiyo, na wenyewe Queen wameisimulia. Mitambo ya Live Aid ilikuwa moja kwa bendi zote, na ilikuwa na vifaa vya kuzuia sauti isivuke kikomo kilichowekwa. Wanasema fundi wao alikwenda kuvishughulikia vifaa hivyo kabla ya zamu yao, na kwa hiyo wakasikika kwa nguvu kuliko waliowatangulia. Wengi huisimulia kwa kicheko, kama ujanja wa sungura. Mimi kila nikiisikia najikuna kichwa. Je, fundi yule alifanya vyema? Alikuwa mtumishi wa bendi yake na aliitumikia. Umati ulifurahi. Fedha za njaa ya Ethiopia hazikupungua. Lakini kikomo kile kiliwekwa na mtu kwa sababu fulani, na wenzao waliokipokea kama kilivyo hawakujua kwamba mchezo una sheria mbili. Mtumwa wa watu wawili hana bwana. Na fundi wa sauti kila usiku ana mabwana watatu: bendi inayomlipa, mwenye ukumbi, na watu walio mbele yake ambao hawamjui na hawana la kumwambia.

Hao wa mwisho ndio ninaowatetea, kwa sababu ya jambo moja: masikio yao.

Desibeli ni kipimo kinachodanganya jicho. Ukiongeza 3 tu, nishati ya sauti imekuwa maradufu. Ukiongeza 10 imekuwa mara kumi, ingawa sikio huiona kama mara mbili hivi. Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, na 100 dakika kumi na tano. Maonyesho mengi ya rock hufikia 100 au kuzidi, na huchukua saa mbili. Tarehe 31 Mei 1976, The Who walipiga uwanja wa Charlton hapa London, na ikapimwa desibeli 126 kwa umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika. Kitabu cha Guinness kiliisajili kama rekodi ya dunia. Baadaye wenye kitabu waliacha kupokea rekodi za namna hiyo, wasije wakawachochea watu kuharibu masikio. Pete Townshend, mpiga gita wa bendi ile, ameeleza hadharani kwa miaka mingi jinsi usikivu wake ulivyoharibika. Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 kwa hofu ya kuwa kiziwi kabisa.

Mtu huzaliwa na vijinywele vya kusikilizia vipatavyo elfu kumi na tano katika kila sikio la ndani. Vikifa havioti tena. Kuku vyake huota, hili liligunduliwa mwishoni mwa miaka ya themanini, lakini sisi Mungu hakutupa. Na havifi kwa maumivu. Unatoka ukumbini masikio yanavuma, asubuhi yamenyamaza, unasema yamepona. Deni linalipwa baada ya miaka ishirini, mezani, pale usipoweza tena kumfuata mjukuu anachosema kwa kuwa na wengine wanazungumza.

Hapa kijana wetu aliniletea hoja ambayo si ya kupuuza. Alisema: "Mjomba, hawa wamelipa pesa zao. Wanataka nguvu. Rock bila nguvu ni chai bila majani." Ana haki upande mmoja, na sitaki nionekane mzee wa kulalamikia muziki wa vijana. Nguvu ya rock ni sehemu ya maana yake. Besi inapogonga kifuani mwili unajua jambo ambalo sikio peke yake halijui, na elfu kumi wakigongwa kwa wakati mmoja wanakuwa kitu kimoja. Mwenye kusema "punguzeni tu" hajawahi kusimama pale.

Lakini ridhaa ni nini? Aliyelipa tiketi ameridhia kusikiliza bendi. Hakuambiwa ni desibeli ngapi, hata angeambiwa hana namna ya kuhisi tofauti ya 100 na 106, ambayo ni mara nne ya nishati. Mvutaji sigara angalau ameandikiwa kwenye pakiti. Na sikio halina kope. Ukiona mwanga mkali unafumba jicho bila kufikiri, ila sauti huingia utake usitake. Ridhaa ya mtu asiyejua anachoridhia, juu ya madhara asiyoyahisi, mkononi mwa mtu asiyemwona, mimi siwezi kuiita ridhaa kamili. Daraja langu likiwa dhaifu siwezi kumwambia hakimu kwamba waliolivuka walipenda kuvuka.

Sheria nazo zina upogo wa kuchekesha. Uingereza ina kanuni za kelele kazini za mwaka 2005, zilizoanza kuwahusu watu wa muziki na burudani mwezi Aprili 2008. Kwa kanuni hizo yule anayeuza bia nyuma ya kaunta lazima alindwe kuanzia desibeli 85. Anayekunywa bia hiyo, hatua mbili mbele yake, hazimhusu. Mwaka 2018 mahakama kuu ya London ilimpa ushindi mpiga viola wa okestra ya Royal Opera House aliyeumizwa masikio mwaka 2012 kwenye mazoezi ya opera ya Wagner, akiwa ameketi mbele ya tarumbeta, na mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikalikataa ombi la mwajiri. Hiyo ni okestra bila spika hata moja! Wafaransa wamekwenda mbali zaidi. Amri yao ya mwaka 2017 inamlinda msikilizaji mwenyewe: wastani usizidi desibeli 102 katika dakika kumi na tano, besi ina kikomo chake, vizibo vya masikio vitolewe bure, na kwa maonyesho ya watoto wa hadi miaka sita isizidi 94. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango chake cha kumbi na matamasha: 100, kwa wastani wa dakika kumi na tano.

Wapo mafundi wanaokasirika wakisikia namba hizi. Wapo pia, na ndio mafundi kweli, wanaosema namba ni changamoto ya ufundi. Nguvu si kelele tu. Nguvu ni tofauti kati ya kimya na mshindo. Ukianza onyesho kwenye 102 huna pa kwenda, ukianza kwenye 95 kiitikio cha wimbo wa mwisho kitawainua watu viti vikiwepo au visiwepo. Besi iliyopangwa vizuri hugonga kifua bila kuchoma sikio, maana milio mikali ya juu ndiyo inayoumiza zaidi. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa Van Halen, alimtengenezea mpiga dramu wao visikilizi vidogo vya kuingiza masikioni, na tangu kazi ile ienee spika nyingi za jukwaani zimeondolewa, kelele ya jukwaa ikashuka, na fundi wa mbele hahitaji tena kushindana nayo. Mfaransa Christian Heil, mwanafizikia, mwanzoni mwa miaka ya tisini alileta zile spika zinazoning'inizwa kwa safu ndefu iliyopinda kama ndizi. Safu hiyo huwapelekea wa nyuma sauti bila kuwachoma wa mbele kiasi kile cha zamani. Haya ni mambo ya uhandisi, tena uhandisi wa kumjali mtu usiyemjua.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tuwe na huyu mtu wa kati? Si wanamuziki wajiendeshee wenyewe? Lilijaribiwa, nami nalipenda jaribio hilo kuliko yote. Mwaka 1974 Grateful Dead wa California, wakisaidiwa na Owsley Stanley na wahandisi wenzake, walijenga ukuta wa spika zipatazo 600 nyuma ya migongo yao. Kila ala ilikuwa na spika zake, kila mwanamuziki alidhibiti sauti yake mwenyewe, na kile umati ulichosikia ndicho walichosikia wao. Hapakuwa na mikisa mbili wala ukweli wa aina mbili. Ili mluzi usitokee kila mwimbaji alikuwa na maiki mbili zilizounganishwa kinyume: aliimba kwenye moja, na kelele ya ukuta iliyoingia kwenye zote mbili ikajifuta yenyewe. Akili kubwa! Na kimaadili ni jambo safi, kwa maana mwenye kutoa sauti anapigwa na sauti ile ile anayowapiga nayo wengine. Lakini ukuta ulikuwa na uzito wa tani zipatazo 75, ulihitaji kikosi cha watu kuusimamisha, na gharama zake ziliwaelemea. Kufikia mwisho wa Oktoba mwaka ule ule ulikuwa umestaafu. Tukarudi kwa mtu wa kati. Na kwa kweli ana faida moja ambayo ukuta haukuwa nayo: anasimama mahali waliposimama wasikilizaji. Katika watu wote wanaolipwa usiku ule ndiye pekee mwenye masikio upande wa umati. Ndiyo maana nasema wajibu wake kwa umati hakuupewa na mkataba. Aliupata kwa kusimama pale.

Kuna swali la udanganyifu pia, nalipita haraka. Siku hizi sauti ya mwimbaji inaweza kunyooshwa papo hapo ikiwa imetoka nje ya noti. Programu iliyoanzisha mambo hayo mwaka 1997 ilibuniwa na Andy Hildebrand, ambaye kabla ya hapo alitumia hesabu za namna hiyo kuchambua mitetemo ya ardhini katika kutafuta mafuta. Ndugu zetu walioko Muscat na Abu Dhabi wanaofanya kazi kwenye visima watatabasamu. Ni uongo? Kama mwimbaji ana mafua na mashabiki wamesafiri saa tano, mimi namsamehe fundi. Kama mwimbaji hajui kuimba, mwenye kudanganya ni aliyeuza tiketi. Fundi ni shahidi tu, ingawa shahidi naye huulizwa.

Mama wa kijana nilimweleza nilivyoona. Nilimwambia kazi ile ni ya mtu aliyesoma, na shahada ya mwanawe haijapotea. Nilimwambia pia yale ambayo angehofia akiyajua: kwamba wengi wao hawana mwajiri wa kudumu wala pensheni, kwamba mwaka 2020 kumbi zilipofungwa kwa sababu ya korona maelfu yao walikaa bila senti wakati sisi wa ofisini tulihamia mezani nyumbani, na kwamba chombo chao kikuu cha kazi, sikio, ndicho kazi inachokila. Seremala akipoteza msumeno hununua mwingine. Akaniuliza, "Sasa wewe ungemruhusu wako?" Nikamwambia ningemruhusu, kwa sharti la kupimwa masikio kila mwaka, na majibu ayaonyeshe.

Tulio wengi hatuna mtoto kwenye basi la rock, lakini tuna harusi. Nazungumzia harusi zetu hizi za kumbi za kukodi, London, Leicester, Toronto, popote tulipo. DJ anaweka spika mbili ndefu kama makabati kila upande, ukumbi una dari la chini na kuta za matofali matupu, na kuanzia saa mbili usiku hatuzungumzi tena, tunaonyeshana ishara. Bibi aliyesafirishwa kutoka Tanga kwa viza ya taabu amekaa na ncha ya mtandio ameizibia sikio. Kwenye kona, mita tatu kutoka spika ya besi, watoto wawili wamelazwa juu ya viti vilivyounganishwa, na sote tunasema mashallah, mtoto akichoka hulala popote. Nimepima kwa kifaa changu zaidi ya mara moja, na namba niliyoisoma pale kwenye viti ilikuwa juu ya ile 94 ya Wafaransa. DJ ni kijana wetu, anakuja ukimwita. Kamati ya harusi hupanga biriani, mapambo, kamera na magari. Sijaona bado kamati iliyompangia mtu mmoja kazi ya kumwendea DJ, kumwonyesha wale watoto, na kuwasogeza mpaka upande wa pili wa ukumbi.